Jina la Babu na Magoti Yetu

Suruali ya kwanza niliyomshonea baba ilikuwa ya kitambaa cha kijivu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kujifunza cherehani Mafinga, na nilitaka aivae Krismasi. Nikamsimamisha uani asubuhi, ukungu wa Mufindi bado haujaachia, nikapiga goti mbele yake na kushusha futikamba kutoka kiunoni mpaka kifundo cha mguu. Mguu wa kulia, inchi 40. Wa kushoto, 39. Nikadhani nimekosea, nikapima tena, ndipo mkono ukagusa kitu. Upande wa ndani wa goti la kushoto, palepale paja linapokutana na muundi, palikuwa na kinundu kikubwa kama kokwa la parachichi. Nilikuwa nakiona tangu utotoni kila baba anapokunja suruali kushuka bondeni, lakini siku ile ndiyo nilikigusa. Kigumu. Hakibonyei wala hakichezi chini ya ngozi, kimeota kwenye mfupa kama kifundo kwenye shina la mti.

"Upande wa kushoto pinda zaidi, mwanangu," baba akasema. "Hilo goti ni la babu yako."

Hakuwa anatania. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia, na jina halitolewi ovyo. Mtoto aliyebeba jina la babu huitwa "babu" angali ananyonya, mama yake humsemesha kwa heshima, na watu humtazama anavyotembea wakitafuta mwendo wa mwenye jina. Babu yangu mzaa baba alikuwa na vinundu magotini, mabegani na kwenye vifundo vya mikono, na mkono wake wa kushoto ulipinda chini ya kiwiko kama upinde. Alichuma chai tangu ujana wake kwa mkono uleule. Alipofariki, jina lake akapewa mjukuu wa kwanza wa kiume, mtoto wa baba mkubwa. Mtoto akafikisha miaka mitatu, vinundu vikajitokeza. Jina likapelekwa kwa mtoto wa shangazi, labda huko litatulia. Naye vivyo hivyo.

Wazee wakakaa. Wakasema babu anarudi na mifupa yake, basi jina lipumzike. Kwa miaka 19 hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyepewa jina lile, na tulijifunza kulikwepa hata kwenye mazungumzo. Na hapa sitaliandika. Si langu peke yangu, na wale wawili wanaolibeba wapo.

Mimi nilikuwa na vinundu bila kuwa na jina. Kimoja kilikuwa nyuma ya bega, kwenye kombe, na mkanda wa begi la shule ulikikwaruza mpaka nikawa nabeba madaftari kifuani. Vingine viwili magotini. Vyangu vilielezwa kwamba vimetokana na kubeba ndoo za maji nikiwa mdogo mno. Mdogo wangu wa kike alibeba ndoo zilezile, kutoka kijito kilekile, kwenye mlima uleule, na miguu yake imenyooka kama mwanzi. Hakuna aliyeuliza. Jina likishindwa kueleza, ndoo ilieleza, na ndoo ikishindwa kulikuwa na baridi. Pamoja na hayo, wazee wale siwadharau hata kidogo. Waliona kwamba jambo hili linafuata damu, wakaliona bila picha ya eksirei wala maabara.

Binti yangu alipofikisha miaka minne, nikiwa namwogesha, mkono wangu ukapita juu ya kitu chini ya goti lake. Kidogo tu, kama punje ya hindi. Nilikaa kwenye kigoda na sabuni mkononi mpaka maji yakapoa.

Nilianzia kwenye zahanati moja hapa Iringa mjini. Wakasema jipu la ndani, wakatupa dawa za vidonge, kisha wakaongeza nyingine. Mtoto alizimeza karibu wiki sita, tumbo likimuuma kila siku, na kinundu kikabaki palepale. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu jipu huuma na kupata moto, na hili halikuwa na moto wala maumivu. Aliyekipapasa angekitambua kuwa ni mfupa.

Mwishowe tukafika kwa daktari wa mifupa. Alimpiga picha magoti, mikono na nyonga, akazipanga kwenye taa. Nikaona mifupa ya mwanangu kwa mara ya kwanza. Pembeni mwa mifupa ya magoti palitokeza vichomozo, kimoja kimeelekea mbali na goti kama mwiba wa waridi. Daktari hakuniuliza kuhusu ndoo. Aliuliza, "Mama, nyumbani nani mwingine anavyo?"

Nikavua kiatu, nikapandisha sketi, nikamwonyesha magoti yangu. Kisha nikaanza kuhesabu watu, naye akachukua karatasi akawa anachora: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, akiwapaka weusi wenye vinundu. Alipomaliza, ukoo wangu ulikuwa pale kwenye karatasi moja. Akasema picha zile pamoja na mchoro ule vinatosha kuutambua ugonjwa. Ni ugonjwa wa kurithi wa ukuaji wa mifupa, kitaalamu kwa Kiingereza hereditary multiple osteochondromas, unaofanya vinundu vingi vyenye kofia ya gegedu, ule mfupa laini kama wa sikioni, viote kwenye mifupa, hasa karibu na ncha za mifupa mirefu. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 50,000. Nilipiga hesabu baadaye: kwa kadirio hilo, katika nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 61 kwenye sensa ya 2022, tuko zaidi ya 1,000. Wengi wetu, naamini, tumeelezwa habari za ndoo.

Mwaka 1814 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Alexis Boyer, aliandika juu ya familia yenye vinundu hivi. Chanzo chake kwenye jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, kilikuja kupatikana 1995, ilipotambuliwa jeni iitwayo EXT1 katika kromosomu ya 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), na 1996 ikafuata EXT2 katika kromosomu ya 11. Zaidi ya miaka 180 katikati. Katika muda huo huko Ulaya nao walikuwa wakiona jambo linafuata damu na kushindwa kusema ni nini hasa kinachorithiwa, sawa na wazee wetu kule Mufindi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya namna mfupa unavyopotea njia, nami nitaieleza polepole kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Mfupa wa mtoto haurefuki kama kamba inavyovutwa. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu kuna tabaka la gegedu, na seli zake hujipanga kwa mistari, zikigawanyika na kuusukuma mfupa mbele, huku zile za nyuma zikigeuka kuwa mfupa. Seli hizo huambiana la kufanya kwa kutumiana protini: wewe gawanyika, wewe ngoja. Ujumbe huo unatakiwa ufike mahali pake na usipitilize. Kinachoushika usizagae ni minyororo mirefu ya sukari iliyozunguka seli, inayoitwa heparani salfeti. Jeni za EXT1 na EXT2 ndizo zenye maelekezo ya kutengeneza mafundi wanaounga minyororo hiyo, pete kwa pete. Moja kati ya hizo mbili ikiwa na kasoro, minyororo inapungua.

Aliyewahi kulima kinyungu atanielewa. Kiangazi unashuka bondeni, unachimba mifereji, unainua matuta, na maji yanapita pale unapoyataka. Tuta likibomoka pembeni, maji yanatoka nje ya shamba. Baada ya wiki mbili unakuta mbegu zilizodondoka kule nje zimeota, kijani kabisa, mahali ambapo hukupanda. Ndivyo inavyokuwa. Heparani salfeti ikipungua, ujumbe wa kukua unavuja mpaka ukingoni mwa mfupa, na gegedu la pale nalo linaanza kukua, ila kwa upande. Ndani linageuka mfupa, juu linabaki na kofia yake laini, na kinundu kinakua kadiri mtoto anavyokua. Mtoto akimaliza kurefuka, nacho hutakiwa kukoma.

Nilimuuliza daktari: kama kila seli ya mwili wangu ina jeni hiyo yenye kasoro, mbona sikuharibika mwili mzima? Akanijibu kwamba kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na nakala nzima iliyobaki inatosha sehemu kubwa ya mwili. Ila hapa na pale kwenye gegedu, seli fulani hupoteza na ile nzima, na hapo ndipo tuta linapobomoka. Majaribio ya panya yaliyochapishwa 2010 yalionyesha hivyo: nakala zote mbili zilipoondolewa kwenye seli chache tu za gegedu, panya waliota vinundu pembezoni mwa mifupa kama vyetu. Ndiyo maana baba ana vinundu vingi na mimi vichache, ingawa tumebeba kasoro ileile.

Mkono wa babu nao ukapata maelezo. Chini ya kiwiko kuna mifupa miwili inayokua sambamba. Vinundu vikiuchelewesha ule wa upande wa kidole cha mwisho, mwenzake unaendelea kurefuka, na kwa kuwa hauna pa kwenda, unapinda.

Kuna binamu yangu, yule wa kwanza kupewa jina. Tulipokuwa watoto alikuwa akiburuta mguu wa kulia, na kiatu chake kilikuwa kikiisha mbele, kwenye vidole, mpaka soksi inaonekana, huku kisigino kikiwa kama kipya. Alichapwa shuleni kwa kuharibu viatu. Nyumbani aliambiwa ni mvivu wa kunyanyua mguu. Nje kidogo ya goti, chini yake, mshipa wa fahamu unaoinua unyayo unapita kwenye shingo ya ule mfupa mwembamba wa muundi, karibu kabisa na ngozi, na kinundu kikiota hapo kinaubana. Alikuja kufanyiwa upasuaji akiwa na miaka 23. Kinundu kilitolewa, mguu ukarudi kiasi, si wote. Magoti yake yana makovu madogo ya chale, yamejipanga mawili mawili. Kila nikimpima suruali nayaona, na kila mara namfikiria yule mtoto aliyechapwa.

Shangazi yangu yeye kinundu chake kilikuwa nyongani, na kilianza upya kukua akiwa na miaka zaidi ya 40. Sisi tulidhani ananenepa. Daktari alipolisikia hilo aliacha kuandika, akanitazama. Akaniambia vinundu hivi, kwa watu takriban 1 hadi 5 katika kila 100 wenye ugonjwa huu, hugeuka saratani ya gegedu, mara nyingi baada ya utu uzima. Akanifundisha dalili: kinundu kinachokua ilhali mwili umeshaacha kurefuka, au kinachoanza kuuma bila kugongwa. Ukiona hivyo usingoje. Shangazi aliondoka mwaka mmoja na nusu baada ya sisi kudhani ananenepa. Namwandika hapa kwa ajili ya mtu mwenye kinundu nyongani au kwenye kombe la bega anayesoma haya.

Dawa ya kuzuia vinundu visiote, hospitali haikuwa nayo. Kinachofanyika ni kufuatilia, kupiga picha pale inapobidi, na kutoa kwa upasuaji vile vinavyouma, vinavyobana mishipa au vinavyopindisha mfupa. Vingine mtu anaishi navyo mpaka uzeeni.

Ikabaki habari ya watoto. Mume wangu hana vinundu, kwao hawana. Mama mkwe, mtu mwema sana kwangu, alikuwa akinifariji hivi: "Wa kwanza ameshaubeba, wa pili atasalimika." Nilitamani iwe hivyo. Lakini ugonjwa huu hauendi kwa zamu. Mzazi mwenye ugonjwa ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, humpa mtoto moja tu kati ya hizo, na kila mimba inaanza upya, nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Wapo pia, kama 1 katika kila 10, ambao kasoro imeanza kwao wenyewe na wazazi wao ni wazima kabisa. Nilipomweleza mama mkwe alinyamaza muda mrefu, akachambua mchicha, kisha akauliza, "Na wewe unataka mwingine?" Nikamwambia nataka. Akasema, "Basi mzae, tutamlea na magoti yake."

Desemba iliyofuata watu walirudi Mufindi kutoka kila mahali, Makambako, Mbeya, Dar es Salaam. Mvua ilitufungia ndani siku mbili. Nikaomba ruhusa kwa babu mdogo, ndugu wa babu aliyebaki, ambaye ndiye aliyelilaza jina. Nilikuwa nimekuja na ile karatasi ya daktari, nimeijazia waliokosekana.

"Shikamoo babu. Naomba niseme habari ya mifupa."

"Marahaba. Sema."

Babu alizaa watoto 7. Wanne walikuwa na vinundu. Wanne hao wamezaa watoto 17, na kati yetu wenye vinundu ni 8. Watatu wasio navyo wamezaa 11, na hakuna hata mmoja mwenye kinundu. Nilisoma majina moja moja, mwenyewe akiwa pale anainua mkono. Kisha nikasema kati yetu wanane, waliopewa jina ni wawili. Sita hatukupewa.

Nikachukua kikombe cha bati, nikatia punje mbili za mahindi, moja nzima, nyingine iliyobunguliwa. Nikawaita watoto wachague wamefumba macho, kila anayetoa arudishe. Wa kwanza akatoa iliyobunguliwa. Wa pili, iliyobunguliwa. Wa tatu tena. Watoto wakapiga kelele kwamba kikombe kina uchawi, na babu mdogo akanyosha mkono, akakiomba, akazimwaga punje kwenye kiganja azione ni mbili. Akazirudisha. Akachota mwenyewe, akatoa nzima.

Nikawaeleza kwamba yale yaliyowapata ndugu zetu wawili ndiyo hayo. Mmoja ni mtoto wa baba mkubwa, mwingine wa shangazi, na wazazi hao wote wawili walikuwa navyo. Kila mtoto alikuwa na nusu yake. Kwa wote wawili kutoa iliyobunguliwa ni nusu ya nusu, yaani nafasi 1 kati ya 4, jambo ambalo linaweza kutokea nyumba yoyote. Wangeitwa majina mengine, magoti yangekuwa yaleyale.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi babu mdogo aseme kwa sauti.

"Kwa hiyo jina halikuwa na kosa."

"Halikuwa na kosa, babu."

Aliishika ile punje nzima muda wote, akiizungusha kwa kidole gumba. Binamu yangu, aliyekaa karibu na mlango na mguu wake umenyooshwa mbele, alitoka nje kwenye mvua, na mkewe akamfuata.

Mwanangu wa kiume amezaliwa mwezi wa nne mwaka huu. Sasa ana miezi minane. Vinundu havionekani siku ya kuzaliwa, huanza kujitokeza miaka ya mwanzo ya utoto, na mara nyingi kabla mtoto hajafikisha miaka 12 jambo limeshajulikana. Kwa hiyo jioni nikimpaka mafuta napitisha kidole gumba chini ya magoti, kwenye vifundo, juu ya mbavu, nyuma ya mabega. Dada yake amejifunza, naye hupitisha cha kwake, halafu hulinganisha na goti lake mwenyewe na kuniambia, "Mama, bado laini."

Tulipompeleka Mufindi, babu mdogo alikuwa amekaa nje juani na blanketi mabegani. Nikamkabidhi mtoto, nikampigia magoti na kumwambia tumempa jina gani. Alimtazama. Akaingiza mkono ndani ya shali, akashika goti dogo kwa vidole viwili, akalishikilia. Kisha akamwita kaka yake kwa jina, akamsalimia, "Kamwene," na kumuuliza za safari.